Tiketi zimerundikana: tuanze na dalili

Nilipokabidhiwa kusimamia tiketi za programu moja huria, yaani ripoti za hitilafu na maombi ya watumiaji, nilikuta zaidi ya mia tatu ziko wazi. Programu yenyewe ndogo tu, ya kujazia fomu kwenye simu mahali ambapo mtandao unakuja na kuondoka. Watengenezaji tulikuwa wanne, kila mmoja ana ajira yake ya mchana, na tiketi tulizisoma usiku. Wazo langu la kwanza lilikuwa lile la kila mgeni: tuhame zana ya kutunzia tiketi, hii imetushinda.

Nashukuru wenzangu walinikatalia. Debian, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, wanaendesha orodha yao ya hitilafu kwa barua pepe tangu 1994, na mpaka leo unaripoti kwa kutuma barua. Mozilla, watengenezaji wa Firefox, bado wako kwenye Bugzilla, zana yao ya tiketi iliyozaliwa 1998. GNOME, mradi wa mwonekano wa skrini kwenye Linux, walitoka Bugzilla wakaenda GitLab mwaka 2018, na lugha ya programu ya Python ikahamia GitHub mwaka 2022, kila mmoja kwa sababu zake; GitLab na GitHub ni tovuti za kutunzia msimbo pamoja na tiketi zake. Lakini mchele wenye mawe ukiuhamisha kutoka ungo huu kwenda ule bila kuuchagua, mawe utayakuta kulekule.

Kwa hiyo kabla ya kutibu, pima. Fungua tiketi ishirini za zamani zaidi ambazo bado ziko wazi, na kila moja uiulize maswali mawili. Hii ni hitilafu au ni ombi? Na sasa hivi zamu ni ya nani: ya aliyeripoti, ya mtunzaji wa programu, au haijulikani? Zetu, kumi na nne kati ya ishirini ziliangukia kwenye "haijulikani". Mtumiaji alidhani tunalifanyia kazi, sisi tulidhani tunasubiri jibu lake, na miezi ikapita. Tiketi mia tatu zenye wenye zamu zinabebeka. Thelathini zisizo na mwenyewe zitakunyima usingizi.

Ukishapima, tafuta hapa chini dalili inayofanana na yako.

Tiketi inasema "haifanyi kazi", basi

Ukikutana na tiketi ya namna hii usimlaumu aliyeandika. Mara nyingi hakuulizwa, au aliulizwa mno. Fomu yetu ya zamani ilikuwa na visanduku kumi na kimoja, na watu walijaza nukta, nyota, na "sijui" ili wapite. Tukabakiza vinne: ulifanya nini, ulitarajia nini, uliona nini, na ni toleo gani la programu kwenye simu gani. GitHub inakuruhusu kuweka kiolezo cha namna hiyo, na hata kuzuia tiketi isiyopitia kwenye kiolezo. Sisi hatukuzuia. Wazoefu hukerwa na fomu, na hao ndio wanaoleta ripoti nzuri kuliko zote.

Chanzo cha pili kilituchukua muda kukiona, maana hakikuwa kwenye tiketi kabisa. Ripoti nyingi zilianzia kwenye kundi la WhatsApp. Mhudumu wa kijijini anatuma ujumbe wa sauti wa dakika mbili, akieleza kila kitu vizuri na jogoo akiwika nyuma yake. Msimamizi wake anausikiliza, anampigia mtu wa TEHAMA wilayani, na huyo ndiye anayefungua tiketi: "Fomu hazitumwi." Maelezo yote yameshadondoka njiani.

Hapo hakuna maana ya kumlazimisha kila mhudumu afungue akaunti. Mpe kazi yule wa mwisho kwenye mnyororo. Aulize maswali manne kabla ya kutoka kwenye kundi, na aweke maneno ya mhusika kama yalivyo, kwa Kiswahili chake. Kutafsiri kutafuata. Tulipoanza kupokea maneno yenyewe tuligundua kwamba "imegoma" ina maana tatu: programu imeganda, programu imejifunga yenyewe, au programu imekataa jibu ulilojaza. Hizo ni hitilafu tatu zisizohusiana hata kidogo, na mfasiri wetu alikuwa anaziandika zote kwa neno moja la Kiingereza. Siku hizi swali langu la kwanza ni "imegoma vipi?"

Jambo moja kuhusu picha za skrini: zinasaidia sana na zinaponza sana. OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret mwaka 2006, skrini yake moja inaweza kubeba jina la mgonjwa na vipimo vyake. Tiketi ya mradi huria husomwa na dunia nzima. Ukiona picha yenye taarifa za mtu, iondoe kwanza, shukrani baadaye. Na kuhariri ujumbe hakutoshi, kwa sababu kwenye GitHub historia ya uhariri inabaki ikionekana mpaka nayo uifute.

Hitilafu ipo kwake, kwako haipo

Mtumiaji mmoja aliandika kwamba fomu zake zilipotea "jana saa mbili". Mwenzetu aliye Ulaya akafungua kumbukumbu za seva, akaenda saa 2:00, akakuta kimya. Akaandika kwamba hakuna dalili yoyote ya tatizo, akafunga. Mtumiaji akaifungua tena kwa hasira. Walirushiana maneno siku nne kabla sijaiona tiketi na kuuliza: saa mbili asubuhi au saa mbili usiku? Ilikuwa usiku. Saa mbili usiku ya kwetu ni 20:00, na seva yetu inahesabu saa za UTC, zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu, kwa hiyo ilitakiwa kutazamwa 17:00. Kosa lilikuwa pale, limeandikwa waziwazi. Tangu hapo kiolezo chetu kina mstari unaosema: andika saa kama inavyoonekana juu ya skrini ya simu yako.

Ikiwa saa si tatizo, washtakiwa wengine wafuate kwa mpangilio huu. Toleo kwanza, kwa sababu ndilo rahisi kuliko yote kuuliza na ndilo lenye hatia mara nyingi. Kisha data: wewe unajaribu na fomu tatu, yeye anazo elfu mbili. Kisha simu yenyewe, hasa nafasi iliyobaki, maana simu iliyojaa hufanya vituko ambavyo simu yako ya kazi haitafanya kamwe. Mwisho mipangilio: lugha ya simu, mpangilio wa tarehe, koma au nukta kwenye desimali.

Ukishindwa baada ya hapo, sema umeshindwa. Debian wana lebo mbili ambazo watu wengi huzichanganya. *Unreproducible* inasema tumejaribu, haijatokea. *Moreinfo* inasema tunamsubiri aliyeripoti. Ya kwanza ni hali ya hitilafu, ya pili inataja mwenye zamu. Ukiweka ya kwanza wakati bado hujajaribu, umemwambia mtu kwamba unamwona mwongo.

Na ikitokea kwako, basi nusu ya kazi imekwisha. Kama ilikuwa haipo kwenye toleo la zamani, mwachie `git bisect`, amri ya Git, zana inayotunza historia ya msimbo, aitafute: anagawa historia nusu kwa nusu, wewe unajibu nzuri au mbaya, na kati ya mabadiliko 1,000 majaribio kama kumi yanatosha kumpata mhusika. Kazi hii anaweza kuifanya hata mchangiaji asiyejua kuandika mstari mmoja wa msimbo, ilimradi aweze kuijenga programu. Nashangaa ni miradi michache inayomwomba.

Hitilafu moja, tiketi tisa

Kabla ya kumwambia mtu "tafuta kwanza", tafuta wewe kwa maneno yake. Sisi tulikuwa na tiketi iliyoitwa "Tatizo la usawazishaji". Nani anayeteseka na fomu zisizotumwa atatafuta neno usawazishaji? Tuliibadilisha jina ikawa "Fomu zinakwama kwenye 'Inatuma' baada ya mtandao kukatika", na marudio yakapungua bila kumhubiria mtu. Kama kuna ujumbe wa kosa, uweke kwenye kichwa cha tiketi neno kwa neno, kwa sababu ndio watu wanaounakili wanapotafuta.

Ukiunganisha marudio, bakiza ile yenye maelezo bora, hata kama si ya kwanza. Nyingine zifunge kwa kuelekeza kwenye hiyo, na ile taarifa mpya iliyokuwa kwenye kila moja ihamishe kabla hujafunga. Marudio ni ushahidi: watu tisa kwenye simu sita tofauti wamekupunguzia washtakiwa.

Yeye anasema hitilafu, wewe unasema ombi

Hapa ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa, nami naona ndipo penye mzizi wa mrundikano wote. Hitilafu ni ahadi iliyovunjwa. Ombi ni ahadi mpya ambayo mtu anataka uitoe. Ya kwanza inauliza "imevunjika wapi?", ya pili inauliza "tuitoe au tusiitoe?" Ukiziweka kwenye foleni moja na kuzijibu kwa namna moja, hitilafu zitasubiri mjadala ambao haziuhitaji, na maombi yatasubiri fundi kabla hata hayajakubaliwa.

Namna ya kuamua: tafuta ahadi. Iko kwenye mwongozo? Ilikuwa inafanya hivyo kwenye toleo lililopita? Skrini yenyewe inasema hivyo? Mtu alituandikia kwamba tarehe 03/04 inamchanganya, ni Aprili 3 au Machi 4? Mtengenezaji akasema hilo ni ombi la mpangilio mpya wa tarehe. Lakini juu ya kisanduku kilekile tuliandika wenyewe "siku/mwezi/mwaka", na simu ilikuwa inaonyesha mwezi mbele. Ahadi ilikuwepo, imevunjwa, hitilafu.

Wakati mwingine ahadi haipo popote. Hapo mimi huegemea upande wa mtumiaji kwa jambo moja tu: kupoteza data. Mtu akipoteza kazi ya siku nzima kwa kubonyeza kitu kilichoonekana salama, usimwambie kwamba mwongozo haukuahidi kitu. Hiyo ni hitilafu, na iende mbele ya foleni. Mengine yote yaliyo katikati, yaweke kwenye maombi na umweleze sababu kwa sentensi moja. Watu hawakasirishwi sana na lebo kama wanavyokasirishwa na lebo iliyobadilishwa kimyakimya.

Maombi yanaingia, hakuna anayesema hapana

Mradi usiosema hapana huishia kusema hapana kwa kunyamaza, na kimya ni jibu baya kuliko yote kwa sababu halina mwisho.

Kwanza chunguza kama unachoombwa ndicho kinachohitajika. Tuliombwa kitufe cha "futa zote". Ombi dogo, kazi ya jioni moja, na lilikuwa limeungwa mkono na wengi. Nikauliza: unataka kufuta nini, na kwa nini? Kumbe simu zinajaa kwa sababu fomu zilizokwisha kutumwa hazifutwi. Kitufe kile kingefuta pamoja na zile ambazo bado hazijatumwa. Tukaweka mpangilio wa kufuta zilizotumwa baada ya siku kadhaa, na hakuna aliyewahi kuulizia kitufe tena. Mtu akikuletea dawa, mwulize ugonjwa.

Pili, kuunga mkono. Januari 2016 watunzaji wengi wa miradi huria waliiandikia GitHub barua ya wazi, na miongoni mwa malalamiko yao ni maoni yaliyojaa "+1" ambayo kila moja linamwamsha kila anayefuatilia tiketi, pamoja na tiketi zinazofika bila taarifa za lazima. Haukupita muda vikaja violezo, kisha alama za kidole gumba ambazo leo unazizoea. Zitumie kupanga maombi, ila usizifanye kura. Wanaobonyeza kidole gumba ni wenye akaunti na bando. Yule mhudumu wa ujumbe wa sauti hayumo.

Tatu, ombi kubwa linalogusa kila kitu halifai kuishi kwenye tiketi. Python wana utaratibu wa PEP tangu 2000, lugha ya programu ya Rust ina RFC tangu 2014: hati inayoeleza shida, pendekezo, na njia mbadala zilizokataliwa, kisha uamuzi unaandikwa. Mradi wa watu wanne hauhitaji sherehe hizo. Ukurasa mmoja unatosha, lakini sehemu ya njia zilizokataliwa usiiruke, kwa sababu ndiyo itakayokuokoa mwakani mtu mwingine akija na wazo lilelile.

Na hapana yenyewe iwe fupi: hatutafanya, kwa sababu hii, ukitaka unaweza kufanya hivi. Kisha funga. Nilikuwa naogopa kufunga. Nikagundua kwamba wengi huandika "asante kwa kunijibu".

Lebo sitini, zinazotumika tatu

Futa. GitHub inakupa lebo tisa kwa kuanzia, na mradi mdogo hauhitaji zaidi ya dazeni. Ziwe za aina nne: aina ya tiketi, eneo la programu, uzito, na hali. Rust wanaanza kila lebo kwa herufi ya kundi lake, A kwa eneo, C kwa aina, na kadhalika, ili macho yazione pamoja. Ni hila rahisi, iibe. Kubernetes, mradi huria wa kuendeshea programu kwenye seva nyingi, huweka kwenye kila tiketi mpya lebo ya kwamba haijachambuliwa, na haiondoki mpaka mtu aikubali. Nayo iibe.

Uzito tu ndio unaostahili maneno zaidi. Debian wana ngazi saba, kuanzia *critical* hadi *wishlist*, na kila moja ina maana iliyoandikwa: inavunja mfumo mzima, inapoteza data, inasumbua tu. Kumbuka uzito ni wa madhara, kipaumbele ni cha ratiba yako. Kosa la tahajia kwenye jina la wizara katika ukurasa wa kwanza halina uzito wowote, lakini utalirekebisha leo.

Roboti inafunga, watu wanakasirika

Kuna roboti maarufu ya GitHub ambayo usipobadilisha mipangilio yake huiita tiketi mfu baada ya siku 60 za kimya, na kuifunga siku 7 baadaye. Kubernetes wanaenda taratibu: siku 90, kisha 30, kisha 30 nyingine. Hata hivyo tatizo haliko kwenye idadi ya siku. Roboti haijui zamu ni ya nani. Mtu ametoa ripoti kamili, mtunzaji ndiye aliyenyamaza, halafu aliyeripoti ndiye anayefungiwa. Iruhusu iguse tiketi zenye lebo ya kumsubiri aliyeripoti, hizo peke yake.

Mtu ameanika tundu la usalama hadharani

Usilijadili pale. Ficha au futa maelezo, mhamishie kwenye mawasiliano ya faragha, mshukuru. Kisha weka faili la SECURITY.md lenye njia ya kuripoti kwa siri, kwa sababu kama halikuwepo, kosa ni lako.

Imefungwa, lakini bado inamsumbua

Ukiandika "Fixes #212" kwenye badiliko lako, GitHub itaifunga tiketi mara badiliko likiingia kwenye tawi kuu. Kwako imekwisha. Kwa mtumiaji haijaanza, kwa sababu toleo lenye marekebisho halijatoka. Anapata barua pepe kwamba tatizo lake limetatuliwa, anafungua programu, analikuta limemsubiri mlangoni. Debian hawana shida hii kwa kiasi hicho, kwa kuwa mfumo wao hurekodi toleo hitilafu ilipoonekana na toleo iliporekebishwa. Sisi wengine tunaweza kuandika kwa mkono: "Itakuwemo kwenye toleo 2.8." Toleo likitoka, rudi kwenye tiketi useme limetoka. Dakika moja tu.

Lakini hata hapo usishangae tiketi ikifunguliwa tena. Tulikuwa na moja iliyofungwa na kufunguliwa mara tatu, hitilafu ya kupakia picha, na kila mara mtumiaji aliapa kwamba amesasisha. Mara ya tatu nikamwomba anitumie picha ya ukurasa wa "Kuhusu". Toleo lilikuwa la miaka miwili nyuma. Alikuwa amesasisha kweli, kwa namna ya kwao: kila aliposoma kwamba tumetoa toleo jipya, alimwendea mwenzake wa kituo jirani akachukua APK, faili la kusakinishia programu, kwa Bluetooth, na yule jirani naye alikuwa ameichukua kwake.

Tuliweka namba ya toleo kwenye skrini ya kwanza, kwa herufi kubwa.